Siku Nilipoipeleka Iowa Matiri

Kaka yangu hakuwa na ugomvi na Wamarekani. Alilisema hilo mwenyewe, akiwa amekaa jikoni kwake Matiri, akikoroga chai iliyokwisha kupoa. Ugomvi wake ulikuwa na Iowa. Hakuijua, hakuwahi kukutana na mtu aliyefika huko, na sasa binti yake wa kwanza alikuwa anataka kuolewa na mtu wa hukohuko na kumfuata kwao.

"Siwezi kumtoa mtoto kwenda mahali nisipopajua," alisema.

Kwetu Umatengoni hilo si neno la ukaidi, ingawa kaka yangu ni mkaidi wa kutosha. Posa ikija, ndugu wa binti hutuma watu wakauone mji wa kijana. Wanaotumwa hawaendi kuangalia bati wala makochi. Wanakwenda kuangalia ntambo. Ntambo ni mgongo mmoja wa mlima na miteremko yake, huku kijito, kule kijito, na ukoo mmoja unaolima na kula humo. Ukishaijua ntambo ya mtu umejua maji anayokunywa, majirani anaogombana nao, makaburi ya kwao yalipo, na kama ardhi itawatosha wajukuu. Mtu anaweza kuwa na digrii tatu, lakini kama hana ntambo ya kutaja, wazee wanamwangalia kama kifurushi kilichosahaulika stendi.

Sasa nani angetumwa Iowa?

Nilitumwa mimi. Ninafundisha Jiografia sekondari hapa Mbinga mjini, na ukoo mzima unaniita Mwalimu na kuamini kwamba hakuna pembe ya dunia nisiyoijua. Nimejaribu kuwaambia kwamba nje ya nchi nimefika Zambia tu, tena kwa basi. Hawasikii.

"Wewe ndiye mwenye ramani," kaka alisema. "Kapaone kwa namna yako, uje utuambie mbele ya sengu. Nikikuelewa, nitasema ndiyo. Nisipokuelewa, huyo kijana akatafute mke Iowa."

Sengu ni kikao cha ukoo wetu. Tunakula kwanza, wote pamoja, halafu ndipo tunasema. Mwenye njaa haruhusiwi kutoa hoja, na nadhani Bunge lingeweza kujifunza kitu hapo.

Niseme wazi kwamba mimi nilikuwa upande wa binti. Alikaa kwangu miaka yake yote ya sekondari, akimaliza mkaa wangu kwa kusomea jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Sasa ni muuguzi kule ziwani, Mbamba Bay. Mchumba wake ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya hukohuko, kijana mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha ziwani kilichokolea Kinyasa hadi ukifumba macho unamwona mvuvi. Walijuana kijana alipomleta hospitalini mwanafunzi aliyevunjika mkono. Binti alinipigia simu wiki ileile akaniambia, "Shangazi, nimempata mtu anayejua kunyamaza." Nilielewa papo hapo kwamba mambo yamekwisha iva, kwa maana kwetu wanaojua kunyamaza ni adimu, na mimi simo.

Kwa hiyo nilikuwa na kazi. Tatizo ni kwamba Iowa haijawahi kutoka kwenye mtihani. Katika vitabu vyetu Marekani ni Bonde la Tennessee na mabwawa yake, ni matunda ya California, na ukivuka mpaka kidogo ni ngano ya Kanada. Miaka yote nimewaimbisha wanafunzi faida za mabwawa ya Tennessee, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuposwa na mtu wa Tennessee.

Nilitumia likizo nzima na simu mkononi, nikiitafuta Iowa. Jumamosi moja nilimwita kijana, akapanda kutoka ziwani, akafika ametapakaa vumbi. Nilimpa ugali na usipa, dagaa wa ziwani, halafu nikamkalisha mezani nikamhoji kama mtahiniwa. Mito? Udongo? Mvua? Nani alitangulia kukaa? Maswali ya kwanza alijibu vizuri. Kwenye lile la mwisho alikwama, akakwaruza meza kwa kidole. Mume wangu, ambaye ni Mngoni wa upande wa Songea na hajui kukaa mbali na shughuli isiyomhusu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwache kijana ale," alisema. "Mimi uliponileta kwenu mlinihoji mpaka jina la mbwa wetu."

"Na tulikukubali kwa sababu ya mbwa," nilimjibu.

Siku ya sengu ilikuwa Jumapili ya Julai, baada ya misa. Matiri mwezi huo ni baridi, hata mchana mtu anakaa na sweta, na kahawa ilikuwa imetandazwa kwenye vichanja vya kuanikia mpaka karibu na mlango wa kanisa. Wifi yangu, mama wa binti, alikuwa amepika ugali, maharage, nguruwe, na samaki aina ya mbasa walioletwa kutoka kwao Liuli. Ndiyo, wifi ni Mnyasa. Kaka yangu, huyu huyu asiyetoa mtoto kwenda mahali pasipojulikana, aliwahi kutelemka milima yote hii kwenda kuoa ziwani, na baba yetu alilia kana kwamba anakwenda kuoa Uchina. Nilimkumbusha tukiwa tunanawa mikono. Alijifanya maji yameingia masikioni.

Tulikula. Kisha nikaomba jivu na mahindi, nikachora Iowa kwenye uwanja uliofagiliwa. Mito niliichora kwa jivu, mipaka ya kaskazini na kusini nikaipanga kwa punje za mahindi. Ilinichukua muda, kwa sababu nina wivu na ramani, sipendi mtu aseme imepinda. Shangazi yetu mkubwa, dada wa marehemu baba, aliyekuja kwa bodaboda kutoka Mpepai akiwa amejifunga vitenge viwili, alisogezewa kiti mpaka karibu na mpaka wa kusini.

"Ndugu zangu," nilianza, "mnauona mto huu wa mashariki? Unaitwa Mississippi. Huu wa magharibi ni Missouri. Iowa imekaa katikati ya mito miwili."

Nilisikia sauti za kuridhika zikizunguka uwanja. Huku mto, kule mto. "Basi ni ntambo," alisema mtu nyuma, na wengine wakaitikia. Moyo wangu ulijaa fahari. Nilikuwa nimepanga kuanzia hapo makusudi, na nikajiona mwalimu kwelikweli.

"Na mlima?" kaka aliuliza.

Hapo ndipo nilipotarajia kupita haraka. "Mlima si mkubwa sana."

"Si mkubwa kiasi gani?"

Nilimwangalia kijana. Alisimama, akaunganisha mikono mbele kama tulivyomfundisha. "Shikamooni wazee wangu. Kwetu ni tambarare, baba. Mahali pa juu kuliko pote katika jimbo ni kwenye shamba la mtu, karibu na hori la kulishia ng'ombe. Ukipita bila kuambiwa, huwezi kujua kwamba umefika kileleni."

Walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Kaka peke yake hakucheka, na shangazi alikuwa na huzuni ya kweli usoni.

"Maskini," alisema. "Sasa ngoro wanachimba wapi?"

Asiyelima milimani kwetu huenda hajui ngoro. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza katika miraba kwenye mteremko, wanawake wanachimba katikati na kuzifunika nyasi kwa udongo, na mlima wote unabaki na mashimo yaliyopangana, maji yanatulia humo na udongo haukimbii. Hivyo ndivyo tulivyokula tangu mababu. Ardhi tambarare kwetu ni ya mpira wa miguu na ya kujengea kanisa. Nilipowaambia kwamba Iowa hawachimbi ngoro hata moja, uwanja ulijaa huruma. Mama mmoja aliguna kama tunavyoguna msibani. Nilitambua kwamba watu wangu walikuwa wanamwona mtoto wao akienda kufa njaa.

"Wanavuna mahindi kutushinda," nilisema kwa sauti, maana hasira ilianza kunipanda. "Tena mbali sana."

Hakuna aliyeniamini.

"Bila ngoro?" kaka alisema.

"Bila ngoro. Sikiliza. Kabla ya mashamba, nchi yote ile ilikuwa nyasi. Nyasi ndefu kuliko mtu. Zikaota, zikafa, zikaoza, zikaota tena, tangu enzi zisizo na hesabu. Ndiyo maana udongo wao ni mweusi na mnene, unachimba na kuchimba na bado ni mweusi."

Kaka alisogea mbele kwenye kigoda. Neno nyasi lilikuwa limemgusa, kwa sababu yeye hulaza nyasi zake kwa ustadi na haruhusu mtoto yeyote azikanyage.

"Kwa hiyo Mungu alilaza nyasi Mwenyewe," alisema polepole, "wao wakaja kupanda tu."

"Ndivyo."

"Wengine wana bahati," alisema, na kulikuwa na kijicho kidogo katika sauti yake.

Baada ya hapo jiografia iliteleza. Niliposema kwamba Iowa ina nguruwe wengi kuliko watu, mkutano ulipata uhai, na wajomba wawili waliokuwa wanasinzia waliuliza kama kijana ana kaka ambaye hajaoa. Kwenye barafu nilikwama kidogo. Niliwaambia kwamba miezi ya baridi maziwa yao yanaganda, watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu na kuvua samaki wakiwa wamekaa kwenye viti. Wifi yangu, mtoto wa wavuvi, aliweka chini sahani aliyokuwa anafuta.

"Wifi," alisema kwa adabu, "mambo mengine wamekudanganya."

Kijana alimwonyesha picha kwenye simu. Baba yake alikuwa amekaa juu ya ziwa, amevaa koti nene kama godoro, ameshika kijiti cha kuvulia. Wifi aliitazama, akaisogeza, akaitazama tena. "Na mtumbwi wanauweka wapi?" ndilo swali pekee aliloweza kuuliza.

Nilidhani tumeshinda. Binti alikuwa amekaa na wanawake wenzake karibu na jiko, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi niliona meno yake. Ndipo shangazi yetu mkubwa alipopiga fimbo chini, juu ya Missouri hasa, jivu likaruka.

"Mwalimu, umetuambia mito na udongo. Hujatuambia nani alianza kulima. Makaburi ya kwanza ni ya nani?"

Hilo ndilo swali lililomkwamisha kijana mezani kwangu. Nilikuwa nimelitafutia majibu, na nilijua si mazuri. Ningeweza kuyapaka sukari. Lakini nafundisha na Historia vilevile, na nimewahi kuwafokea wanafunzi wengi kwa kuruka sura wasizozipenda.

"Iowa ni jina la watu," nilisema. "Waiowa. Walikaa hapo wao na wengine, kama Wameskwaki. Wanawake wao walilima mahindi kandokando ya mito. Kisha Wafaransa walikuja na mitumbwi wakitafuta ngozi za wanyama, wakasema nchi ni yao, na baadaye wakaiuza kwa Wamarekani."

"Wenyewe walikuwepo kwenye mauzo?"

"Hawakuwepo, shangazi. Ikafuata mikataba na vita. Wenyeji wakasukumwa ng'ambo ya Missouri, na wakulima wakaja na plau za chuma wakapasua zile nyasi."

Kaka alimgeukia kijana. "Na ninyi?"

"Babu wa babu yangu aliuziwa shamba na serikali, baba," alijibu. "Nilipokuwa mdogo nilimuuliza baba yangu nani alikuwepo kabla. Alisema, nyasi."

Kaka aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo mwanangu atakwenda kula kwenye ntambo ya watu."

Lazima ieleweke kwamba kwetu hii si habari ya vitabuni. Wangoni walipokuja na mikuki, mababu zetu walikimbilia juu kabisa, wakaishi kwenye mapango na watoto wao, wakashuka usiku kutafuta chakula. Kila mtoto wa nyumba yetu amelelewa na hadithi hiyo. Nilimwangalia binti. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa ananitazama zamani matokeo ya mtihani yakikaribia kutangazwa, na nikaona kwamba uhodari wangu wa kusema kweli ulikuwa unamvunjia ndoa. Niliogopa. Mume wangu naye alikuwa ameangalia viatu vyake, jambo ambalo si la kawaida yake.

Shangazi alimwangalia kijana kwa muda mrefu. Kisha akamwangalia mume wangu. Kisha kijana tena.

"Kumbe ni Mngoni," alisema.

"Nani, shangazi?"

"Huyu. Babu zake wamekuja na silaha, wamekuta watu, wamewasukuma, wamekaa, wamelima, na sasa mjukuu anataka binti. Huyo ni Mngoni. Hakuna jipya hapo, tunawajua." Akamwelekezea mume wangu fimbo. "Mmoja tulishampa. Tena huyo alikula kuku wawili siku ya kwanza."

Kicheko kilicholipuka hapo nadhani kilisikika Mkumbi. Mume wangu alicheka hadi machozi, akainuka, akaenda kumkumbatia kijana na kumwita ndugu yake aliyepotea. Alimwambia kwa sauti kwamba Wangoni wamefurahi kusikia kwamba waliteka mpaka Iowa. Wangoni ni watani wetu, na kwa mtani hakuna tusi. Misibani, harusini, sokoni, tunawaambia walichotufanyia, nao wanajibu kwamba bila wao tungekuwa bado mapangoni, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nimeolewa na mmoja wao na nimemwambia kila sikukuu. Anapakua chakula huku anasikiliza.

Shangazi alisubiri kelele ziishe. Hakuwa anatania tu.

"Mngoni hupewa mke," alisema, "lakini lazima aambiwe, kila mwaka, na asinune. Na wewe, mwanangu, utawaambia watoto wako mahali pale palikuwa pa nani. Usiwaambie nyasi."

"Nitawaambia," alisema kijana. Masikio yake yalikuwa mekundu kama kahawa iliyoiva, lakini alimtazama usoni aliposema hivyo, na mimi nilimpenda kuanzia hapo bila msaada wa binti.

Watu walianza kusogeza viti, wanawake wakaleta togwa. Kwa wengi shauri lilikuwa limekwisha. Lakini kaka yangu alikuwa bado ameinama, na neno la ndiyo lilikuwa lake, si la shangazi wala langu. Alininong'oneza bila kuinua kichwa.

"Hao waliosukumwa. Hawakurudi?"

"Wengi hawakurudi," nilimwambia. "Wameskwaki walirudi baadhi. Walichanga fedha zao wenyewe, wakanunua kipande kidogo kando ya mto waliokuwa wanakaa. Wapo mpaka leo."

"Walinunua ardhi yao?"

"Waliinunua."

Alinyanyuka akaenda kwenye ramani. Kuku walikuwa wamerudi na kula mpaka wote wa kaskazini, nami kwa mshangao wangu sikujali. Aliwafukuza kwa mguu, akachuchumaa, akaiangalia Iowa yangu kwa utulivu kama anavyoangalia mche wa kahawa uliopata ugonjwa. Kijana alimfuata, akachuchumaa pembeni yake.

"Mimi nina kahawa na nguruwe," kaka alimwambia. "Nguo nilizovaa unaziona. Hao watu walikuwa na uwezo wa kurudi kununua kilicho chao. Mimi sina. Mwanangu akikaa huko, sina hela ya kwenda kumnunua. Utamleta wewe."

"Nitamleta, baba."

Siku zote kijana alikuwa akimwita baba, na kaka hakuwahi kuitikia. Safari hii aliitikia. "Haya," alisema, na kila mtu alielewa kwamba hilo ndilo neno la ndiyo lenyewe. Wifi alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akajizuia, kwa sababu mumewe alikuwa hajainuka.

"Lini?" kaka aliuliza.

Binti alikuwa amekwisha sogea, amesimama nyuma yao na kikombe cha togwa mkononi, macho yamejaa maji.

"Baba," alisema, "hata sijaondoka."

"Najua," alisema kaka yangu, bado ameangalia chini. "Nauliza tu."